Pete yangu ya ndoa ilikatwa na sonara, mume anadhani nimeivua

Shangazi, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu wala mtaa. Mimi ni mama wa miaka 34, fundi cherehani hapa Dodoma mjini. Nina kibanda, vyerehani viwili na binti mmoja anayejifunza ufundi kwangu. Kazi yangu kubwa ni sare za shule na magauni ya vitenge. Mume wangu ni fundi ujenzi, kazi zake nyingi ziko Mtumba, kule Mji wa Serikali. Anaondoka giza, anarudi giza. Tumeoana miaka kumi, tuna binti mmoja, yuko darasa la pili.

Yalianza mwaka jana mwezi wa sita, ule msimu upepo wa Dodoma unapokata ngozi. Niliamka vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa, havikunjiki. Nikasema ni baridi tu, jua likitoka vitalegea. Vikalegea kweli, lakini saa tatu asubuhi. Kesho yake hivyo hivyo. Mwezi wa tisa joto likarudi, vidole havikuwa na habari.

Siku moja namvalisha mwanangu shati la shule. Vifungo vile nimevishona mwenyewe. Nikashindwa kupitisha kimoja kwenye tundu lake, nikajaribu mpaka jasho likanitoka. Mtoto akakishika, akakifunga, akasema, "Mama, nitakuwa najifunga mimi." Fundi nguo mzima, Shangazi, nimeshindwa na kifungo.

Kukata kitambaa ndiyo balaa. Nikibana mkasi, maumivu yanatoka kwenye vifundo vya vidole yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Ikabidi binti awe anakata yeye. Ameshaniharibia vitambaa viwili vya wateja, nimelipa.

Nikaenda hospitali moja ya hapa mjini peke yangu, nyumbani nimeaga kwamba naenda kununua zipu. Wakachukua damu, wakapiga picha za mikono. Daktari akasema nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo. Foleni ilikuwa ndefu, alikuwa anaandika huku anaongea. Akanipa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, na vingine vidogo vya njano vya kusaidia. Mwisho akainua kichwa akasema kwa mkazo, "Usishike mimba." Nilitoka na maneno hayo mawili. Mengine yote yalibaki mle chumbani.

Shangazi, nyumbani kwetu hilo ni neno zito. Mama mkwe yuko Mvumi, kila akija anasema mtoto mmoja ni jicho moja, likiingia mchanga umekuwa kipofu. Mume hanisukumi kwa maneno, ila kuna chumba anachokipiga plasta kidogo kidogo kila Jumapili akiwa na nafasi, anakiita chumba cha kijana wake. Jumapili hizo hizo ndizo nilizokuwa nameza vidonge vyangu kwa kujificha.

Nilimeza Jumapili tatu. Kichefuchefu, kichwa kizito, vidole vilevile. Jirani akanielekeza kwa mzee anayeuza unga mnadani, akasema ni mizizi mitupu, haina kemikali. Kijiko kwenye uji asubuhi na jioni. Siku ya tatu nilikata sare kumi na mbili kwa mkono wangu! Nikaacha vidonge. Sasa huu ni mwezi wa tano niko na unga. Lakini uso umejaa, wateja wanasema nimependeza, mama mkwe anadhani mimba tayari imeingia. Halafu nikiukosa siku mbili, mwili wote unaanguka, hata kunyanyuka kitandani ni kazi. Na mzee amepandisha bei.

Sasa kuhusu pete. Kabla ya huo unga, kidole kilivimba mpaka pete ikazama kwenye nyama. Nilipaka sabuni, nikapaka mafuta ya kula, nikazungushia uzi kama tunavyofundishana, wapi. Nikaenda kwa sonara akaikata, akanifungia kwenye karatasi. Iko kwenye kopo la vifungo kibandani. Mume hakusema kitu siku hiyo. Siku ya tatu akauliza, "Pete iko wapi?" Nikamjibu ilichomoka nikifua. Uongo huo ulinitoka wenyewe. Tangu siku hiyo anakula, ananyamaza, analala. Najua anawaza nini.

Mama mkwe yeye anasema kwenye vitambaa vya watu ninavyoshika kuna kimoja kilitegwa, niache kazi hii.

Niendelee na unga unaonipa kazi, au nirudi kwenye vidonge vinavyoninyima mtoto? Nimwambie mume au atatafuta mwingine wa kumzalia? Na mwanangu naye atarithi? Mama yangu mzazi magoti yanamsumbua mpaka leo.

Wako, Fundi wa Dodoma.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye shati la mtoto. Kabla ya kukalia kiti hiki nilikuwa muuguzi kwa miaka 28. Sikumbuki mgonjwa wa viungo aliyefika akasema ana uvimbe wa maungio. Walisema siwezi kusonga ugali. Siwezi kukamua nguo. Nashindwa kufunga mbeleko. Kwa hiyo nakuelewa, na wala hujakuza jambo.

Umeniandikia mambo matatu: ugonjwa uliouficha, unga usioujua, na mume aliyenyamaza. Mimi naona yameshonwa kwa uzi mmoja, nao ni yale maneno mawili ya daktari. Tuanzie hapo.

"Usishike mimba." Wewe ukasikia kwamba hutazaa tena. Nadhani daktari alimaanisha usishike mimba wakati unameza dawa hii. Kidonge cha mara moja kwa wiki pamoja na vile vya njano, ambavyo bila shaka ni vya foliki, vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hiyo, kinanifanya niamini ulipewa methotreksati. Angalia jina kwenye pakiti. Dawa hiyo ikikutana na mimba inaweza kuitoa au kumlemaza mtoto aliye tumboni, ndiyo maana alikaza sauti. Lakini wanaotaka mtoto huisimamisha kwa mpango, kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kuanza kutafuta, wakisimamiwa na daktari. Na zipo dawa nyingine za ugonjwa huu, kama haidroksiklorokwini na salfasalazini, ambazo mjamzito anaweza kuendelea nazo. Daktari akiwa na foleni ya watu sitini mlangoni, sentensi ya pili huwa haisemwi. Namwelewa, na namlaumu kidogo.

Sasa kuhusu ugonjwa wenyewe, maana jina lake limewapoteza wengi. Tunauita baridi yabisi, basi kila mtu anatafuta baridi: uliogea maji ya baridi, ulilala bila blanketi, ulifua usiku. Baridi ya Juni inaweza kuzidisha maumivu na kukakamaa, haiuanzishi ugonjwa. Wewe mwenyewe umeliona hilo, joto lilirudi na vidole havikuwa na habari. Umesema vizuri kuliko vitabu.

Kila kiungo kina utando laini unaokizungusha kwa ndani na kukitilia ute wa kulainisha. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupiga vijidudu, inaugeukia utando huo. Ni kama mbwa wa boma aliyeanza kuuma ndama wa mwenye boma. Utando unavimba, unajaa maji, na ukiachwa hivyo unakula gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, na mfupa ulio karibu. Hupenda kuanza kwenye viungo vidogo vya vidole na vifundo vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja, na asubuhi kukakamaa kunapita nusu saa, mara nyingi kunazidi saa nzima. Wanawake wanaupata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na wengi unawakuta katika umri kama wako au baada yake kidogo.

Magoti ya mama yako huenda ni jambo jingine kabisa. Mtu mzima aliyebeba ndoo na kuni maisha yake yote, gegedu la goti husagika likapungua; anakakamaa dakika chache akisimama, na maumivu yanazidi jioni baada ya kazi. Hilo halihusiani na kinga. Kuna na jongo, lile linalomwamsha mtu usiku wa manane kidole gumba cha mguu kikiwaka moto, tindikali ya yuriki imejaa kwenye damu. Hapa kwetu tuna na bruselosi, homa ya maziwa mabichi na ya kushika mifugo inayotupa mimba, ambayo nayo huuma viungo. Na chikungunya, ambayo jina lake lenyewe ni la Kimakonde, lilitoka huku kwetu baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika, na linasema habari ya mtu aliyejikunja kwa maumivu. Ndiyo sababu walikuchukua damu na picha. Vidole vinavyouma vinafanana kwa macho, matibabu hayafanani.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mwanao atarithi: ugonjwa kama wako haupiti kwa mtoto kama rangi ya macho. Mwenye ndugu wa karibu aliyenao ana uwezekano mkubwa kuliko mwingine, lakini watoto wengi wa mama wenye baridi yabisi hawaupati kabisa. Mwache ajifunge vifungo vyake kwa amani.

Nije kwenye unga, na hapa sitakuzungusha. Siwezi kujua kilichomo kwa kusoma barua. Lakini nimeshaiona hadithi hii: nafuu ya siku tatu, uso kujaa kama mwezi, na mtu kuanguka akiukosa kwa siku mbili. Mizizi haifanyi hivyo kwa kawaida. Steroidi zinafanya, dawa za jamii ya prednisoloni, na katika nchi nyingi unga na vidonge vinavyouzwa kama mitishamba vimepimwa vikakutwa na steroidi au dawa za maumivu za hospitali zilizosagwa humo. Sisemi kila mwenye mizizi ni mwongo, bibi yangu alitutibu mengi. Ninachojiuliza ni kwa nini wa kwako unafanana hivyo na kitu kinachopatikana dukani kwa dawa.

Steroidi si sumu. Madaktari wenyewe huzitumia kwa baridi yabisi, kwa kiasi kidogo na kwa muda, wakati dawa kubwa inasubiriwa ifanye kazi. Lakini huko zinapimwa. Kwenye kijiko cha uji hakuna anayejua ni kiasi gani, na zikiendelea miezi hupandisha sukari na presha, hupunguza mifupa, hufungulia mlango maambukizi, na zikiambatana na dawa za maumivu tumbo hupata vidonda. Jambo baya zaidi ni kwamba zinakunyamazishia maumivu ilhali utando huenda bado unakula mfupa. Mbwa amelewa tu, hajafungwa kamba.

Nakuomba sana usiuache ghafla leo kwa sababu ya maneno yangu. Mwili uliozoea steroidi miezi mitano umeacha kutengeneza za kwake, na ukikatiwa mara moja unaweza kuzimia. Udhaifu huo unaoupata siku mbili ukiukosa ndiyo dalili ninayoiogopa. Chukua unga na karatasi yake, nenda nao kwa daktari siku za karibuni, mwambie miezi na vijiko. Kushusha kutapangwa polepole. Kabla ya hapo, ukipata kizunguzungu kikali, kutapika mfululizo au kuzirai, ni dharura, na aliyekupeleka aseme habari ya unga. Vilevile kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na homa juu, usisubiri asubuhi.

Kwa nini vidonge vilikushinda? Vile haviondoi maumivu siku hiyo. Vinamfunga yule mbwa, na kumzoeza kamba huchukua wiki 6 hadi 12. Wewe ulitoa wiki tatu. Kichefuchefu nacho kina njia zake: wengi humeza usiku baada ya kula, foliki kwa siku nyingine ya wiki, na daktari anaweza kushusha kipimo au kubadili dawa kabisa. Unapaswa kupimwa damu na ini kila baada ya muda, na pombe iwe mbali. Ulifanya vizuri kumeza Jumapili tu. Wengine wanaosoma hapa nawaambia, dawa hii ikimezwa kila siku kwa makosa inaweza kuua.

Turudi kwa mtoto. Naona milango mitatu au minne, na hakuna usio na kizingiti. Unaweza kurudi kwenye methotreksati pamoja na uzazi wa mpango, utulize ugonjwa kwanza, halafu upange kuhamia dawa ya ujauzito. Hii huwapa viungo nafasi nzuri, gharama yake ni muda, na wewe una miaka 34 na chumba kinapigwa plasta. Unaweza kumwomba daktari aanze moja kwa moja na dawa zinazokubaliana na mimba. Kwa wengine zinatosha, kwa wengine ni nyepesi mno na vidole vinaendelea kuharibika. Unaweza pia kuamua kutafuta mtoto sasa, bila dawa yoyote. Wapo wanaofanya hivyo, na ni kweli kwamba wanawake wengi hupata nafuu mimba ikiwa tumboni. Lakini nafuu hiyo mara nyingi huondoka miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, wakati una kichanga cha kunyanyua usiku kwa mikono isiyofunga. Na ugonjwa uliochachamaa ukiwa mjamzito huongeza hatari ya mtoto kuja kabla ya wakati au na uzito mdogo. Ule mlango wa nne, wa kutosheka na huyo mmoja, ni wa kwenu wawili. Sitauusukuma wala kuufunga.

Kabla ya lolote kati ya hayo, pima mimba. Mama mkwe anaweza kuwa amekosea kuhusu uso wako, na anaweza asiwe amekosea. Kipimo hiki ni cha lazima kabla ya kugusa tena kidonge cha Jumapili.

Hapo Dodoma una bahati ambayo mama wa Kondoa au Mpwapwa anaipandia basi: Hospitali ya Benjamin Mkapa na ile ya rufaa ya mkoa ziko mjini. Uliza daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, maana mabingwa wa viungo hasa ni wachache nchini kote. Angalia pia bima yako inalipia nini kati ya vipimo na dawa, usije ukaanza safari ukaikatisha kwa sababu ya pesa. Na safari hii andika maswali yako kwenye karatasi. La kwanza liwe, "Nataka kuzaa tena. Tunapangaje?" Daktari aliyeulizwa hivyo hawezi kukujibu kwa maneno mawili.

Mume sasa. Unasema unajua anawaza nini. Kweli unajua? Hebu kaa upande wake kidogo. Anaona kidole hakina pete. Anaona mke ananenepa usoni, anasikia mama yake akinong'ona kuhusu mimba, na wewe husemi ipo wala haipo. Kitandani huenda umegeukia ukuta kwa sababu mikono inauma, yeye hajui kwamba mikono inauma. Nami katika nafasi yake ningepiga hesabu, na jibu lisingekuwa baridi yabisi. Ukimya wake unaousoma kama hukumu, huenda ni wa mtu anayeogopa kuuliza tena asije akadanganywa mara ya pili.

Siwezi kukuahidi atapokeaje. Nimewaona wanaume waliobeba wake zao mgongoni kuingia wodini, na nimewaona waliotoka kununua maji wasirudi. Wako namjua kwa ukurasa mmoja tu. Lakini mtu anayepiga plasta chumba Jumapili hadi Jumapili bila kufoka, kazi ndefu anaijua. Ukiamua kumwambia, unaweza kumwambia nyumbani, mtoto akiwa amelala. Ubaya wake ni kwamba utabaki na maswali ya kitabibu usiyoweza kuyajibu, na neno "mimba" litasikika kwake kama lilivyosikika kwako. Unaweza kumchukua kliniki, asikie kwa daktari. Hilo linapunguza mzigo wako, ila wapo wanaume wanaoona wameviziwa wakisikia habari ya ndani mbele ya mtu wa nje. Au msimamizi wenu wa ndoa, kama bado mnasikilizana naye. Tatizo la hiyo njia ya tatu ni kwamba mume atajiuliza kwa nini mwingine alijua kabla yake.

Ukinyamaza pia ni uamuzi, na nakuwekea mezani bila kukusuta. Utaepuka maneno ya mwezi huu. Lakini kujificha kumeza dawa, kujificha kutumia uzazi wa mpango huku mwenzio anahesabu miezi, na kujificha kwenda kliniki kila baada ya wiki kadhaa, hiyo ni kazi nyingine ya kutwa juu ya ile ya cherehani. Zipu za kununua zitakuisha.

Mama mkwe usibishane naye kuhusu kitambaa kilichotegwa. Mtu aliyeona mkwe mwenye afya akiharibika mikono ghafla lazima atafute aliyefanya. Akitaka kukupaka mafuta ya nyonyo yenye uvuguvugu, mpe mikono, apake. Ila asikukande kwa nguvu kiungo kilichovimba na chenye joto. Akisikia ugonjwa una jina na una dawa, na kwamba mlango wa mjukuu haujafungwa, huenda yeye ndiye akawa wa kwanza kukukumbusha kidonge. Mama wakwe wana hiyo.

Kuhusu kazi yako nina machache, hayataki kibali cha mtu. Usikate kitambaa asubuhi. Asubuhi loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, ukunje na kukunjua vidole taratibu humo humo, halafu pokea vipimo na andika oda. Mkasi uguse baada ya saa nne. Zungushia vishikio vya mkasi kitambaa kinene ili usiubane sana, au tafuta wenye springi unaojifungua wenyewe. Noa mara kwa mara, mkasi butu ndio unaoua mkono. Sufuria libebe kwa viganja viwili kutoka chini, vidole visining'inize uzito. Siku viungo vimewaka, vipumzishe; siku vimetulia, vitembeze, maana kiungo kisichotumika nacho hukakamaa. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukutengenezea kishikizo cha kuvaa usiku kwenye kifundo cha mkono.

Na yule binti, kabla hujamkatisha kitambaa cha mteja, mchoree kila saizi ya sare kwenye karatasi ngumu. Alaze, azungushe chaki, akate. Vitambaa viwili ulivyolipa huenda vilipotea kwa sababu alikuwa anakadiria kwa jicho, jicho ambalo wewe ulilipata kwa miaka na yeye hajalipata.

Kuna jambo moja dogo kwenye barua yako ulilolipita haraka. Pete haijapotea. Imekatwa, lakini ipo, kwenye kopo la vifungo. Ukiwa tayari, hilo nalo ni la kumwambia, kabla ya neno lolote la kitabibu. Sonara anaweza kuiunga na kuipanua, ila usimpelekee sasa. Kidole chenye uvimbe hakipimwi pete. Ngoja dawa ifanye kazi, kidole kirudi kwenye unene wake, ndipo mwende kupima.

Shangazi